Sheria Imepita

Siku magavana wawili walipomaliza kutia sahihi, hospitali ilinunua keki. Ilichorwa mto wa buluu katikati, jimbo letu huku, jimbo la ng'ambo kule, na daraja la chokoleti limelala juu ya mto. Aliyepewa kisu alikuwa Verlene Stidham, mtaalamu wa lishe, kwa kuwa ndiye aliyekwenda makao makuu ya jimbo mwezi wa pili kusema mbele ya wabunge. Walimpa dakika tatu. Katika dakika hizo aliwaeleza habari za mwanamke mmoja, jina hakulitaja, ambaye kila Alhamisi huendesha gari kuvuka Mto Ohio, akaegesha nje ya kanisa la Kibaptisti upande huu, akazungumza na mtaalamu wake kwa simu, ilhali simu ni hiyohiyo anayolala nayo nyumbani. Mbunge mmoja alifuta miwani. Wengine walikuwa wakisoma orodha ya chakula cha mchana, lakini kura walipiga, na wenzao wa ng'ambo wakapiga vilevile.

"Usikate darajani, Bi Verlene, utatuzamisha!" wauguzi walimtania.

"Nitakata ninapotaka. Nimeingoja keki hii miaka tisa," akajibu, akakata palepale darajani.

Sheria imepita. Ndivyo gazeti lilivyoandika, ndivyo redio ilivyosema, ndivyo watu walivyoambiana kwenye foleni ya dukani. Majimbo yaliyoingia mkataba yatatambuliana leseni, na mtaalamu wa lishe wa upande mmoja ataruhusiwa kumhudumia mgonjwa wa upande wa pili. Watu wakafurahi. Ila neno kupita lina hila zake. Mgeni akibisha hodi unamwambia pita, naye anaingia. Basi nalo hupita, likakuacha kituoni umeshika mkoba.

Ukurasa wa mwisho wa sheria ile, ambao hakuna redio iliyousoma, ulisema kwamba vibali vitaanza kutolewa baada ya tume ya majimbo kuundwa, kanuni kuandikwa, na daftari la majina ya wataalamu wote kuwekwa kwenye kompyuta. Ilikadiriwa mwaka mmoja na nusu, mambo yakienda vizuri. Na ni lini mambo ya tume yamewahi kwenda vizuri? Verlene aliusoma ukurasa huo. Kosa lake, na analihesabu kuwa lake mpaka leo, ni kwamba alidhani kila mtu ameusoma.

Yule mwanamke wa dakika tatu anaitwa Shelby Yoakum. Alizaliwa upande huu na ugonjwa uitwao PKU. Mwili wake hauwezi kuvunja kitu kimoja kilichomo ndani ya protini, na kitu hicho kikirundikana damuni kinapanda kichwani na kuharibu ubongo. Waligundua kwa tone la damu la kisigino akiwa na siku tatu. Verlene, ambaye enzi hizo nywele zake zilikuwa nyeusi, ndiye aliyemfundisha mama yake kupima viazi kwa gramu. Nyama hapana, mayai hapana, jibini hapana. Maharage na mkate wa mahindi, chakula ambacho huku kwetu hata asiye na kitu anacho, navyo hapana. Badala yake ni unga wa dawa unaokorogwa kwa maji, wenye harufu ya rangi ya ukutani, mara tatu kwa siku, maisha yote.

Mama yake Shelby alikufa binti akiwa na miaka kumi na tisa. Tangu hapo mtu pekee aliyejua kila kilichoingia kinywani mwa Shelby alikuwa Verlene. Kisha Shelby akaolewa na Darrell Yoakum, kijana anayefanya kazi kwenye meli za kusukuma matishari, majahazi bapa ya makaa ya mawe, siku sitini mtoni na thelathini nyumbani. Akahamia kwa mumewe, ng'ambo, juu ya kilima. Kutoka mlangoni kwake mpaka kliniki ya Verlene ni dakika ishirini na tano. Lakini sheria haihesabu dakika. Sheria inatazama mgonjwa amekaa wapi anapozungumza, na mtaalamu lazima awe na leseni ya mahali hapo. Verlene alikuwa ameomba leseni ya ng'ambo kwa njia ya kawaida. Wakamtaka alete cheti cha masomo chenye muhuri wa moto kutoka chuo alichosoma, na chuo hicho kilifungwa miaka kumi na miwili iliyopita. Majengo yake sasa ni ghala la matairi.

Ndiyo maana ya maegesho ya kanisa, la kwanza ukishuka daraja, kwa kuwa Alhamisi Verlene alihudumia kwa simu tu. Shelby alivuka, akazima gari, akainua simu, na Verlene akaanza kwa swali ambalo fomu ya hospitali ilimlazimisha kuanza nalo kila mara: "Uko wapi wakati huu?"

"Mbele za Bwana, Bi Verlene, nafasi ya tatu kutoka mlangoni."

Wakacheka, wakaendelea na gramu zao.

Mwaka mzima kabla ya kushika mimba walijiandaa hivyo. Maana mwanamke mwenye PKU akiwa mjamzito, sumu ile inapita kwenye kondo na kumfikia mtoto, hata kama mtoto mwenyewe hana ugonjwa. Namba damuni ikikaa kati ya mbili na sita, mtoto huja mzima. Ikipanda kumi, kumi na tano, mtoto huzaliwa na kichwa kidogo na moyo wenye kasoro, na akili yake haifiki mbali. Shelby alilijua hilo tangu ana miaka kumi na miwili, na alikuwa amesema hatazaa. Verlene ndiye aliyembadilisha mawazo.

"Tukishikana mkono, mwanangu, utazaa mtoto atakayekujibu jeuri kama wengine," alimwambia.

"Je, kutapika? Wanasema mimba inatapisha."

"Ya kutapika tutayaongea tukifika. Usiuvuke mto kabla hujaufikia."

Kufikia Agosti namba ya Shelby ilikuwa tatu na nusu, na imetulia. Septemba akashika mimba. Septemba hiyohiyo wahandisi waligundua ufa kwenye nguzo ya daraja letu wakalifunga mpaka kiangazi kijacho. Daraja la chini, kule mto unakoelekea, lilibaki wazi, lakini kulizunguka ni saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, kwa barabara iliyojikunja milimani. Ng'ombe wa maskini hazai, wanasema, na akizaa daraja linafungwa.

Alhamisi ya pili ya Oktoba, saa nne asubuhi, uso wa Shelby ulitokea kwenye skrini ya Verlene. Mimba ilikuwa ya wiki ya sita. Alikuwa mweupe mdomoni, lakini anatabasamu.

"Uko wapi wakati huu?"

"Jikoni kwangu!" Akaigeuza simu amwonyeshe jiko, birika, dirisha. "Leo sijaendesha hata hatua. Karibu kwetu, Bi Verlene, baada ya miaka miwili."

Verlene aliitazama alama nyekundu ya kurekodi. Mazungumzo yote ya video yalirekodiwa. Mwaka uliotangulia alikuwa amemshauri mzee mmoja mwenye kisukari aliyekuwa likizo kwa bintiye, jimbo jingine, na mtu akalalamika. Bwana Pruett, wa ofisi inayoilinda hospitali na mashtaka, akamwandikia barua: kosa la pili litapelekwa kwenye bodi ya leseni. Verlene alikuwa peke yake. Watoto sitini na mmoja wenye magonjwa kama la Shelby, kaunti kumi na nne, mtaalamu mmoja. Akipokonywa leseni yeye, wamepokonywa wote.

"Shelby, jikoni hapana. Huko ni ng'ambo."

"Si sheria imepita? Nimeisikia redioni kwa masikio yangu. Hata Darrell alinipigia kutoka melini."

"Imepita, lakini haijaanza."

"Sasa imepita wapi?"

"Imetupita sisi, mwanangu. Mpaka tume ikae, mpaka vibali vitoke. Bado mwaka na zaidi."

Tabasamu la Shelby lilibaki usoni muda kidogo, halijajua kwamba limefukuzwa. "Sawa. Lakini leo tu, kwa kuwa nishapiga. Nina swali moja. Chakula hakikai, tangu Jumamosi kila nikila nata—"

"Usiseme!" Verlene alijikuta ameinua kiganja mbele ya kamera. "Ukisema nitakuwa nimesikia. Na nikisikia lazima nijibu, na nikijibu nimetibu. Njoo Alhamisi ijayo, kanisani pale pale. Zungukia daraja la chini."

"Saa moja na nusu, na kila kona naona nyota?"

"Jaribu, mama. Nakuomba. Na kliniki ya vinasaba ya huko kwenu umepiga?"

"Wamenipa tarehe kumi na mbili Desemba. Na daktari wa hapa kilimani ni kijana mzuri, lakini hajawahi kuliona jambo langu. Ameniandikia mayai."

"Mayai!"

"Mawili kila asubuhi. Nimemshukuru, nikatoka. Sirudi kwake, ataniua kwa upole."

Hapo Verlene alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Akasema kwaheri, akakata. Kwenye fomu akaandika: Mgonjwa yuko nje ya jimbo. Mazungumzo yamesitishwa. Fomu ikageuka kijani kuonyesha kwamba kila kitu kimejazwa sawasawa.

Alhamisi iliyofuata Shelby alijaribu. Ujumbe wake ulifika saa tano: amefika kituo cha mafuta cha Tolliver, nusu ya njia, ametapika mara nne, ya mwisho kwenye usukani, anarudi nyumbani. Verlene aliusoma ujumbe huo mara kumi. Kanuni ilimruhusu kujibu kuhusu miadi tu, basi akajibu kuhusu miadi. Alhamisi baada ya hiyo gari halikuwaka. Halafu Shelby akaacha kujaribu.

Lililobaki kati yao lilikuwa damu. Kila Jumatatu Shelby alijichoma kidole, akaweka matone kwenye kadi, akaitia posta. Maabara ilikuwa upande huu, hospitalini, na kadi haina haja ya leseni kuvuka mto. Majibu yalijituma yenyewe: nakala kwa Verlene, nakala kwenye simu ya Shelby, na chini yake sentensi moja iliyoandikwa na mawakili: Ikiwa kiwango kiko juu, wasiliana na mtaalamu aliyesajiliwa katika jimbo lako. Kwa hiyo namba waliruhusiwa kupeana. Maneno hapana.

Nne na nukta moja. Kisha saba. Kisha tisa na nukta nane.

Verlene aliiona tisa ile akakasirika. Sina haja ya kumpamba: alikasirika. Alimkumbuka Shelby wa miaka kumi na sita, aliyekuwa akijificha nyuma ya ukumbi wa mazoezi wa shule na kula nyama ndani ya mkate kwa pesa za rafiki zake, halafu anakuja kliniki na macho makavu anasema sijui namba imepandaje. Yule yule, alijiambia. Mume yuko mtoni, hakuna wa kumtazama, hamu za mimba zimemshinda. Upo uwezekano mwingine, na mtaalamu aliyefanya kazi hii miaka thelathini na mbili anaujua kama jina lake. Lakini aliyemlea mtoto huona kwanza makosa ya zamani.

Akamfuata Pruett ofisini. Huyu Pruett si mtu wa kuchukiwa kirahisi. Ana picha za wajukuu ukutani, na Krismasi hujivika mwenyewe mavazi ya Santa akagawia watoto wa wodini vitabu.

"Nipe dakika tano naye kwenye simu," Verlene alisema. "Urekodi, usirekodi, shauri yako. Namba ni tisa na ana wiki tisa."

"Bi Stidham, mimi ningekupa saa nzima. Si mimi. Niandikie barua pepe, niwaulize mawakili."

"Mtoto anaumbwa sasa hivi, Pruett. Hawezi kusimama awasubiri mawakili."

"Najua. Niandikie leo, nitawasukuma." Akamtazama kwa huruma ya kweli. "Mimi si mtu mbaya."

"Najua si mbaya. Ndiyo tabu yenyewe. Ungekuwa mbaya ningejua pa kupiga."

Mawakili walijibu baada ya siku kumi na moja. Walisema hapana, kwa kurasa mbili. Wakati huo namba ilikuwa kumi na tatu.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililokuwa likiumia halikuwa la wakili yeyote. Verlene aliendelea na kazi. Aliwapima watoto wa watu, aliwachorea akina mama bakuli na vijiko. Akiwa peke yake alifungua faili la Shelby akaitazama ile mistari ya namba inavyopanda, akalifunga. Alipiga simu kliniki ya ng'ambo mara sita kuwasihi waisogeze miadi. Mara ya sita mpokea simu alimwita kwa jina kabla hajajitambulisha, akamwambia, "Mama, ningekuwa na nafasi ningekupa. Na mimi nina binti." Wote walikuwa watu wema, watu wote wa habari hii. Ukiwakusanya chumba kimoja hutampata hata mmoja wa kumtemea mate.

Jumamosi ya mwisho ya Novemba, siku mbili baada ya Sikukuu ya Shukrani, simu ya Verlene ililia asubuhi mezani. Kumi na sita na nukta mbili. Mimba ilikuwa na wiki kumi na tatu.

Alikaa na namba ile muda wa kunywa nusu kikombe cha kahawa. Akavua kitambulisho cha hospitali shingoni, akakitupa kwenye droo ya vijiko. Akatia ndani ya mfuko pakiti nne za tambi za wanga mtupu, siagi ya mimea, chupa ya jamu, soda za sukari halisi, akawasha gari akashika njia ya daraja la chini. Njiani alijisomea maneno yake kwa sauti. Yalikuwa maneno makali. Nimekulea kwa gramu, unaniua kwa kilo. Alitaka amwambie hivyo, amwone akilia, kisha amkumbatie waanze upya.

Mlango wa kilimani ulifunguliwa na mtu aliyevaa fulana ya Darrell. Ilichukua muda Verlene kumjua. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na mifupa ya mabega ilisimama chini ya kitambaa.

"Bi Verlene! Umevuka?"

"Nimevuka."

"Si watakufukuza kazi?"

"Waache wafukuze. Nipishe, kuna baridi."

Aliingia moja kwa moja mpaka kwenye friji, akaifungua bila kuomba ruhusa, kama alivyokuwa akiifungua ya mama yake Shelby zamani. Alitafuta nyama, jibini, bakuli la mchuzi. Kulikuwa na kabichi nusu, mtungi wa matango ya siki, na unga wa dawa. Akafungua pipa la taka kwa mguu. Maganda ya tufaha. Makali yote aliyokuja nayo yalimwishia hapo, akasimama katikati ya jiko la mtu hajui aweke wapi mikono.

"Unakula nini, mwanangu?"

Shelby alichukua daftari juu ya kabati akamkabidhi kwa mikono miwili. Alikuwa anajivuna, Mungu wangu, alikuwa anajivuna. "Tazama mwenyewe. Safari hii sijakuangusha. Sijaonja hata punje."

Verlene akasoma. Jumatatu: maharage mabichi ya kijani gramu arobaini, tufaha nusu, unga wa dawa kikombe kimoja, nimetapika. Jumanne: karoti gramu thelathini, unga wa dawa, nimetapika. Jumatano: unga wa dawa, nimetapika. Sikukuu ya Shukrani: kijiko kimoja cha mchuzi wa matunda ya kranberi. Kila kitu kimepimwa, kimeandikwa kwa mwandiko safi, kimejumlishwa pembeni.

"Ilipofika tisa niliacha viazi," Shelby alisema. "Ilipofika kumi na tatu nikaacha wali. Nilifuata ile uliyotuandikia." Akaonyesha mlango wa friji. Chini ya sumaku ya meli kulikuwa na karatasi iliyogeuka manjano, ambayo Verlene alimwandikia mama yake Shelby kwa kalamu nene, mtoto akiwa na mwaka mmoja. NAMBA IKIPANDA, PUNGUZA. "Nimepunguza, nimepunguza, nayo inapanda tu. Sijui inatoka wapi, Bi Verlene. Sina tena cha kupunguza."

Verlene alivuta kiti akakaa.

"Inatoka kwako," alisema. "Mwili ukikosa chakula unajila wenyewe. Unavunja misuli. Na misuli ni nyama, Shelby. Hiyo miezi miwili ulikuwa unakula nyama, asubuhi, mchana na usiku. Yako mwenyewe."

Shelby aliinua mkono wake akautazama, ulivyokonda, akaurudisha mezani.

"Kwa hiyo nilitakiwa nifanyeje?"

"Ule. Sukari, mafuta, tambi za wanga, soda, jamu kwa kijiko, chochote kisicho na protini. Ukitapika, ule tena."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Hilo ni neno moja." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anajaribu kulipima, kama anavyopima kila kitu. "Ndilo nililotaka kukuuliza siku ile. Nilikuwa nimeliandika kwenye kiganja nisisahau. Kwa vile chakula hakikai, je, nipunguze au niongeze? Mbona hukuniacha niulize?"

Verlene alilifunga daftari. Alikuwa mtu mwenye maneno, aliyehitaji dakika tatu tu kumfanya mbunge afute miwani.

"Kwa sababu ulikuwa jikoni kwako," akasema.

Shelby aliligeukia jiko lake: birika, dirisha, ndoano ya koti la Darrell. Mkono mmoja ulikuwa umeshuka tumboni wenyewe.

"Na huyu?"

"Tutaishusha namba. Ndani ya wiki mbili itakuwa chini ya sita, nakuahidi. Nitakuja kila Jumamosi mpaka waniweke ndani."

"Sikuulizi namba. Hujawahi kunidanganya, usianze leo."

Verlene alimshika vidole. Vilikuwa baridi. "Moyo huumbwa kabla ya wiki ya kumi, mwanangu," alisema. "Na kichwa... kichwa nacho kilishaanza. Tutapiga picha wiki ya ishirini. Lakini sitakwambia kwamba atakuwa mzima. Siwezi."

Alitegemea kilio, na angekipokea kwa shukrani. Shelby aliitikia tu kwa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia. Verlene aliinuka akachemsha maji. Alichemsha pakiti nzima ya tambi, akamwagia siagi mpaka zikang'aa, akaongeza chumvi, akamwekea mbele na soda iliyofunguliwa. Akachukua mizani ya jikoni kutoka mezani akaisogeza kando.

Shelby alikula akiwa ameinama. Alikula bila kupumzika, machozi yakimdondokea ndani ya sahani, naye akila pamoja nayo, mpaka uma ukagonga sahani tupu. Akafuta kidevu kwa mkono wa fulana, akasukuma sahani mbele ya Verlene bila kumwangalia.

"Niongeze," akasema.